Kumsaidia ndugu mwenye skizofrenia kuelewana na watu: mwongozo kwa familia

Familia nyingi hufika mahali ambapo hospitali imefanya sehemu yake na bado nyumbani mambo hayaendi. Sauti alizokuwa akizisikia ndugu yao zimenyamaza au zimepungua, usingizi umerudi, sindano ya kila mwezi anachomwa bila ugomvi, na majirani wameacha kunong'ona. Lakini kibarua alichotafutiwa amekiacha baada ya siku chache, msibani anakaa peke yake nyuma ya nyumba, na akitumwa dukani hurudi mikono mitupu akisema mwenye duka anamchukia. Hapo ndipo huanza kusikika kwamba ni mvivu, ni jeuri, au amezoea kuhudumiwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hatua hiyo, na umekusudiwa kwa mama, baba, kaka, dada au mwenzi anayeishi naye chini ya paa moja.

Kinachokwama mara nyingi katika hatua hiyo ni uwezo ambao wataalamu huuita utambuzi wa kijamii, yaani kazi inayofanywa na akili kila tunapokutana na mtu: kusoma uso wake, kusikia sauti yake imekaaje, kukisia anawaza nini na anataka nini, na kuamua kwa nini ametenda alivyotenda. Wengi wetu hufanya kazi hiyo bila kujua kwamba tunaifanya. Kwa mtu mwenye skizofrenia huwa ni kazi ngumu, yenye makosa mengi na ya kuchosha, na mara nyingi ugumu huo ulianza kabla hajaugua waziwazi na huendelea hata anapokuwa ametulia.

Skizofrenia humpata takriban mtu 1 kati ya 345 duniani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Tangu klopromazini, ambayo familia nyingi huijua kwa jina la Largactil, ilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, dawa zimefanya kazi kubwa dhidi ya sauti na imani zisizo na msingi, lakini katika kusoma watu msaada wake ni mdogo sana. Mwaka 2011 mtafiti Anne-Kathrin Fett na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti 52 na kukuta kwamba utambuzi wa kijamii ulieleza takriban asilimia 16 ya tofauti kati ya mgonjwa mmoja na mwingine katika kuishi, kufanya kazi na kuhusiana na watu, ilhali kumbukumbu, umakini na uwezo mwingine wa aina hiyo ulieleza asilimia 6. Asilimia 16 si kila kitu, kwa kuwa umaskini, unyanyapaa na kukosa hamu vina fungu lao kubwa. Hata hivyo, ni fungu ambalo familia inaweza kuligusa yenyewe pale nyumbani, bila kusubiri dawa mpya.

Kwanza hakikisha tatizo ni hili

Kabla ya kuanza mazoezi yoyote, ondoa sababu nyingine ambazo kwa nje hufanana na hii. Ikiwa ndugu yako ameanza tena kuzungumza na mtu asiyeonekana, halali, au anafunga madirisha mchana kwa hofu, huo ni ugonjwa unaorudi, na mahali pake ni kliniki. Ikiwa mwili wake umekuwa mgumu, mikono inatetemeka, au uso umekaa kama hauna hisia tangu alipoongezewa haloperidoli au sindano ya flufenazini, yawezekana ni madhara ya dawa, ambayo daktari anaweza kuyapunguza kwa kubadili kipimo au kuongeza kidonge kingine. Chunguza pia masikio na macho, sonona, pombe na bangi.

Kukosa hamu ndiko kunakochanganya watu zaidi. Njia nyepesi ya kutofautisha ni kuangalia mahali anapokwama. Asiye na hamu hainuki kitandani, hata kama anajua kwamba anakotumwa kuna mtu mpole anayemfahamu tangu utotoni. Mwenye shida ya kusoma watu huamka, huvaa na kwenda, kisha hukwama anapokutana na uso wa mtu. Wengine wana yote mawili, na kwao ni afadhali kuanza na safari fupi zenye watu wachache kuliko kudai bidii.

Daftari la wiki mbili

Tafuteni daftari la kawaida, na mwombe ruhusa mwenyewe kabla ya kuliandika. Mwambieni waziwazi kwamba mnataka kujua ni wapi mambo yanakuwa magumu ili mumsaidie, na kwamba anaweza kulisoma wakati wowote. Mtu ambaye tayari huwa na wasiwasi kwamba anafuatiliwa hapaswi kugundua daftari la siri chini ya godoro la mama yake. Mwache naye aandike ya kwake akitaka, lakini msitegemee maelezo yake peke yake, kwa sababu watafiti wamekuta mara nyingi kwamba wagonjwa hukosea wanapokadiria uwezo wao wenyewe, wengine wakijiona wako sawa kabisa na wengine wakijishusha kuliko walivyo.

Andikeni tukio, si hukumu. "Leo amekuwa mkorofi" hakumsaidii mtu. Kinachosaidia ni maandishi ya aina hii: "Jumanne jioni, shangazi alisema, 'Leo vyombo vimejaa kweli.' Alimjibu, 'Ndiyo, vimejaa,' akaendelea kutazama televisheni. Shangazi akanuna. Yeye hakujua kwa nini." Tukio hilo dogo lina habari zote: nani alisema, alisemaje, yeye alielewa nini, na nini kilifuata.

Baada ya wiki mbili mtaona matukio yakijipanga katika makundi machache. Kundi la kwanza ni la nyuso na sauti. Furaha huitambua kwa urahisi zaidi. Hofu, huzuni na hasira humponyoka, na baya zaidi ni kwamba uso usio na hisia yoyote, kama wa mtu aliyechoka au anayefikiria kodi ya nyumba, anaweza kuuona kuwa uso wa chuki. Vipimo vya kufuatilia macho vimeonyesha kwamba wagonjwa wengi huangalia sehemu chache za uso na hukwepa macho na mdomo, ambako ndiko habari nyingi ziliko.

Kundi la pili ni la yaliyo kichwani mwa mwenzake. Mwanasaikolojia Chris Frith wa Uingereza alieleza mwaka 1992 kwamba katika skizofrenia uwezo wa kukisia nia na mawazo ya wengine huharibika, na miaka michache baadaye yeye na Rhiannon Corcoran wakatumia kipimo cha visa vifupi ambamo mtu anatoa kidokezo badala ya kusema anachotaka. Kisa cha shangazi na vyombo ni kidokezo cha namna hiyo hiyo, tofauti yake ikiwa kwamba kimetokea sebuleni.

Kundi la tatu ndilo linaloleta ugomvi: sababu anazowapa watu kwa matendo yao. Mtu amepita bila kusalimia, naye anaamua kwamba amedharauliwa, wakati wewe ungedhani hakumwona. Katika majaribio yanayotumia chupa mbili, moja yenye shanga nyingi za rangi hii na nyingine yenye nyingi za rangi ile, shanga hutolewa moja moja kutoka chupa moja iliyofichwa, na watu wengi wenye imani zisizo na msingi huamua chupa hiyo ni ipi baada ya shanga moja au mbili tu, ilhali wengine husubiri kuona zaidi. Haraka hiyo ya kuhitimisha ndiyo wanayokwenda nayo barabarani. Kundi la nne, kutojua taratibu za mahali, kama nani aamkiwe shikamoo au lini uondoke ugenini, huwa dogo kwa aliyeugua akiwa mtu mzima na kubwa kwa aliyeugua akiwa na miaka 16, kwa sababu huyo wa pili alikosa miaka ambayo wenzake walikuwa wakijifunza.

Chagueni kundi moja na shughuli moja. Kwa maoni yangu, familia nyingi hushindwa kwa kutaka kurekebisha yote kwa mwezi mmoja.

Nyumba ijifunze kusema wazi

Hii ndiyo sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa kuwa haimhitaji mgonjwa abadilike kwanza. Sisi tunaothamini mazungumzo ya staha tumelelewa kusema kwa kuzunguka. Mwenye njaa husifu harufu ya chakula. Aliyekerwa hununua kanga yenye maneno na kuivaa uani. Mgeni anaambiwa "karibu tule" na anatakiwa ajue mwenyewe kama sufuria inatosha. Kwa mtu ambaye akili yake haikamati kidokezo, nyumba ya mafumbo na vijembe ni nyumba ambayo kila siku anashindwa mtihani asioujua. Akikosea ananuniwa, na sababu ya kununiwa pia haambiwi.

Kwa hiyo kubalianeni, watu wazima wote wa nyumba, kwamba anayetaka jambo atalisema kwa jina la mtu, kitendo na wakati. Badala ya "Leo vyombo vimejaa kweli," semeni, "Naomba uoshe vyombo hivi kabla ya saa mbili usiku." Badala ya "Wengine hapa hawajui hata kuna mgonjwa," semeni, "Bibi amelala, punguza sauti ya redio." Anayetania amalize utani wake kwa kusema kwamba anatania. Anayeudhika aseme ameudhika na nini, kwa sauti ya kawaida: "Nimekasirika kwa sababu umeacha mlango wazi usiku. Kesho tafadhali ufunge kwa komeo." Hisia ikitajwa kwa jina lake, hana haja ya kuikisia kutoka usoni.

Kusema wazi si kufoka. Tangu miaka ya 1950 mwanasosholojia George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili Uingereza, na wakagundua kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au kuhangaikiwa kupita kiasi waliugua tena mara nyingi zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Angalieni kwamba kuhangaikiwa nako kumo: mama anayemjibia mwanawe kila anapoulizwa swali na kumfuata hadi chooni anamwongezea mzigo, hata kama nia yake ni upendo. Upande wa pili tunaye Juli McGruder, mtafiti Mmarekani aliyefanya utafiti miongoni mwa familia za wagonjwa Zanzibar, akaeleza nyumba ambazo ziliupokea ugonjwa kama mtihani wa Mungu au shughuli ya majini na, kwa sababu hiyo hiyo, hazikumlaumu mgonjwa wala kumsukuma. Si lazima mkubaliane na maelezo ya majini ili kuiga utulivu ule.

Shughuli za watu wengi zinahitaji maandalizi ya pekee. Mkienda msibani ambako watani watakuwapo, mwambieni mapema kwamba kutakuwa na watu watakaotoa maneno makali, watakaojifanya kuzuia jeneza au kudai fedha, na kwamba huo ni utani wa msiba, hakuna anayemlenga yeye. Mpangieni kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kupanga viti au kugawa maji, kwa kuwa aliye na kazi mkononi hupunguziwa mzigo wa kusoma nyuso. Kubalianeni pia ishara moja ya kuonyesha kwamba amechoka na anataka kwenda pembeni, na akiitoa msimhoji.

Mazoezi ya uso na sauti

Mazoezi haya hufanyika mkiwa wawili, kwa dakika 15 hivi, wakati ametulia na hana usingizi wa dawa. Fungueni tamthilia yoyote ya televisheni ambayo hamjaiona, mzime sauti, kisha msimamishe picha uso unapoonekana vizuri. Mwombe aangalie macho kwanza, kisha nyusi, kisha mdomo, akitaja anachokiona kabla ya kutaja hisia: "Nyusi zimepanda, macho yamefunguka sana, mdomo uko wazi." Baada ya hapo ndipo aseme, "Nadhani ameogopa." Halafu chezesheni kipande hicho tena kwa sauti na muone hadithi inasema nini. Mpangilio huu wa kuona kwanza na kutaja hisia baadaye ndio kiini cha zoezi, kwa sababu mtu anayeruka moja kwa moja kwenye jibu hurudia kosa lile lile.

Mkishaizoea televisheni, hamieni kwenye sauti peke yake. Semeni sentensi moja, kwa mfano "Umekuja," kwa furaha, kwa mshangao, kwa hasira na kwa uchovu, naye akiwa amewapa mgongo. Watoto wa nyumbani hulipenda zoezi hili na hulifanya kuwa mchezo, jambo ambalo linafaa, mradi wasimcheke anapokosea. Pitieni pia nyuso zisizo na hisia. Mwonyeshe picha za watu waliokaa tu, kama zile za kitambulisho, na mrudie mara nyingi kwamba uso wa namna hiyo hausemi chochote juu yake.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao husahauliwa: watu nao hawamsomi yeye. Uso wake unaweza kukaa bila mabadiliko ingawa moyoni ana furaha au huzuni kama mtu mwingine yeyote, na mgeni akaondoka akidhani hakukaribishwa. Mfundisheni kusema kwa maneno kile ambacho uso haukionyeshi: "Nimefurahi kukuona, mjomba." Sentensi fupi kama hiyo, ikisemwa kwa wakati wake, hufanya kazi kubwa kuliko kumlazimisha atabasamu.

Kabla ya kuhukumu

Kundi la tatu, lile la kuwapa watu nia mbaya, lina njia yake: kutenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa, kisha kutafuta maelezo mengine kabla ya kuchagua. Tuchukue kijana aliyerudi nyumbani amekasirika kwa sababu ya kondakta wa daladala. Dada yake anaweza kuzungumza naye hivi:

"Kaka, umesema kondakta alikudharau. Alifanya nini hasa?"

"Alinitazama, halafu akacheka."

"Alikutaja jina, au alisema neno lolote kwako?"

"Hapana."

"Mkononi alikuwa na nini?"

"Simu. Na hela."

"Sawa. Hebu tutafute sababu tatu zinazoweza kumfanya kondakta acheke. Ya kwako ni kwamba alikudharau, hiyo moja. Nyingine?"

"Labda alikuwa anaongea na dereva."

"Inawezekana. Ya tatu?"

"Labda kuna kitu alikisoma kwenye simu."

"Katika hizo tatu, ipi ina ushahidi mwingi?"

Tazameni alichokiepuka dada huyu. Hakusema "Acha mawazo yako hayo," wala hakumhakikishia kwamba kondakta ni mtu mwema, jambo ambalo yeye mwenyewe halijui. Maelezo ya kaka yake ameyahesabu kuwa moja kati ya matatu, kwa heshima, na uamuzi amemwachia. Jibu likiwa bado ni dharau, aulize tu, "Tungewezaje kujua kwa hakika?" Wakati mwingine kweli amedharauliwa, kwa kuwa watu wenye ugonjwa wa akili hudharauliwa kila siku, na familia inayokanusha kila malalamiko yake humfundisha kutoyaamini macho yake hata pale yalipoona sawasawa.

Hatua inayofuata ni kuhakiki na mtu mwenyewe, ikiwa ni mtu wa karibu na si wa njiani. Afundishwe maneno ya kuulizia: "Dada, naona umenyamaza. Umeniudhikia, au umechoka tu?" Nanyi mkiulizwa hivyo, mjibu ukweli. Kumwambia "Sina neno" huku umenuna ni kubomoa zoezi zima.

Njia hii ni ya mambo madogo ya kila siku. Imani iliyokwisha kujengeka na kukomaa, kama ile ya kuamini kwamba serikali imeweka mtambo kichwani mwake, haibomolewi kwa sababu tatu, na kubishana juu yake huishia kumfanya mbishani awe adui. Huko msikilize, mtambue hofu yake, na mumpeleke kwa daktari.

Dukani, hatua kwa hatua

Mazoezi ya nyumbani huwa hayahamii mtaani yenyewe. Tafiti za mafunzo ya utambuzi wa kijamii zinaonyesha kwamba watu hupata nafuu kubwa katika kutambua hisia za nyuso, nafuu ndogo zaidi katika kukisia mawazo ya wengine, na kwamba maisha hubadilika zaidi pale mafunzo yanapofuatwa na mazoezi katika mazingira halisi. Mafunzo yaliyotungwa na mwanasaikolojia David Penn na wenzake Marekani, kwa mfano, huanza na hisia, huendelea na kupima hali, na huishia katika kuhakiki mambo na watu halisi wa maisha ya mgonjwa. Kwa hiyo chagueni mahali pamoja, na duka la mtaani linafaa kuliko soko, ambako bei hupatanishwa, watu husukumana na kila muuzaji huita.

Anza nyumbani kwa kuigiza. Wewe uwe mangi nyuma ya meza, yeye awe mteja. Afike, asubiri aliye mbele yake amalize, asalimie kulingana na umri wa aliyesimama kaunta, aseme anachotaka kwa sentensi moja, "Naomba mchele kilo moja," aulize bei, atoe pesa, ahesabu chenji, ashukuru na kuondoka. Mkirudia mara kadhaa kwa ulaini, anzeni kuweka vikwazo vya kweli. Mangi hajibu salamu kwa sababu yuko kwenye simu. Mteja mwingine anampita mbele. Mangi anasema, "Chenji hakuna, chukua kiberiti." Kwa kila kikwazo mwandaeni na sentensi yake: "Nitasubiri." "Samahani, nilikuwa wa kwanza." "Hapana, nitarudi baadaye kuchukua chenji yangu." Sentensi hizo zikiwa mdomoni tayari, akili inabaki na nafasi ya kuangalia uso wa mtu.

Kisha nendeni wote wawili, wewe ukisimama kando bila kumsemea. Siku nyingine umsubiri nje. Hatimaye aende peke yake katika saa ya utulivu, kama saa nne asubuhi. Akirudi, mwulize kwanza kilichokwenda vizuri, na ukitaje kwa jina lake: "Ulisubiri zamu yako ingawa palikuwa na watu." Akishindwa, rudini kwenye igizo la hatua ile ile iliyomkwamisha bila kuanza upya safari nzima. Mkiwa na uhusiano mzuri na mwenye duka, na ndugu yako akikubali, mnaweza kumwomba amjibu polepole na kwa maneno ya wazi, bila lazima ya kumweleza ugonjwa.

Simu na kazi

Ujumbe mfupi hauna uso wala sauti, hivyo ni uwanja mpana wa kukosea. "Sawa" yenye nukta mwisho inaweza kusomwa kama hasira, na kimya cha saa mbili kama kuachwa. Katika kundi la familia kwenye WhatsApp, kubalianeni kwamba mambo yenye uzito yanayomhusu yatasemwa kwa kumpigia simu. Wapo wanaokosea kwa upande wa pili, wakimwamini kila anayewasalimia kwa upole, na hao ndio windo la matapeli wa "tuma kwa namba hii." Sheria moja isiyohitaji kusoma nia ya mtu inatosha: hakuna fedha inayotumwa kabla ya kumpigia ndugu mmoja mliyemchagua pamoja.

Kuhusu kazi, angalieni inataka kusoma watu kiasi gani kabla ya kuangalia mshahara. Kuuza nguo kwa kuita wateja ni kazi ya nyuso kutwa nzima. Bustani, ufugaji wa kuku, ufumaji wa mikeka, kufunga mizigo au kufyatua matofali huacha nafasi ya kupumua. Nchini Tanzania vijiji vya utengemao kama Hombolo, Dodoma, vilijengwa juu ya kilimo, na nadhani sehemu ya faida yake ilikuwa ndiyo hiyo. Kama atafanya kazi chini ya msimamizi, na yeye mwenyewe ameridhia msimamizi aambiwe, ombeni mambo mawili tu: maelekezo yatolewe moja moja kwa maneno ya wazi, na akikosea aambiwe faraghani kosa ni lipi na lirekebishwe vipi.

Lini kurudi kliniki

Simamisheni mazoezi na mwende hospitali mkiona usingizi umepotea kwa siku kadhaa mfululizo, dawa zimekataliwa, sauti zimerudi, tuhuma zimeanza kumwelekea mtu mmoja wa nyumbani, au amezungumzia kujidhuru au kumdhuru mtu. Katika dalili hiyo ya mwisho msisubiri asubuhi, na msimwache peke yake. Tanzania ina hospitali ya Mirembe mjini Dodoma na kitengo cha magonjwa ya akili Muhimbili; Zanzibar kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari, na Kampala kuna Butabika, lakini hospitali nyingi za mikoa na kaunti nazo zina muuguzi au daktari wa afya ya akili anayeweza kuanza kumhudumia. Ulizeni pia kama kuna kikundi cha familia. Huko Dar es Salaam na Mbeya ulijaribiwa mpango wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliowakutanisha wagonjwa na ndugu zao kujifunza pamoja.

Katika ziara za kawaida nendeni na daftari. Dakika za daktari ni chache na swali lake la kwanza huwa ni kama sauti zipo. Akishajibiwa, msomeeni matukio mawili au matatu ya mwezi huo, mumwonyeshe ni kundi gani linalotawala na mmejaribu nini, kisha ulizeni kama kipimo cha dawa kinaweza kuangaliwa upya iwapo usingizi au ugumu wa mwili unamzuia kufanya mazoezi. Mwache ndugu yenu asome mwenyewe ukurasa mmoja, ule aliouchagua yeye.